Darasa Chini ya Turubai: Eldoret hadi Mbeya

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ananiuliza kwa namna yake. Rebeka anataka kujua kama ni kweli nilikula wadudu. Mwalimu mkuu anauliza kama sasa nimetulia. Mama yangu haulizi kitu, anaitazama tu miguu yangu. Nimechoka kusimulia vipande vipande katika chumba cha walimu huku kengele ikitukatiza, kwa hiyo nimeketi niandike yote kwa mpigo mmoja. Mambo ya pasipoti na vibali nimeyaacha. Yalinichosha wakati ule na yangewachosha ninyi pia. Na wadudu sikula, maana Zambia yenyewe sikufika.

Kutoka Eldoret

Mnakumbuka watu walivyokuwa wakati ule. Wazungu wa upande wa Kaptagat walikuwa wakiuza na kuondoka, na kila Jumapili baada ya ibada wanaume walibaki nje ya kanisa wakizungumza ekari. Baba alikuwa ameingia katika kundi la watu waliotoka Murang'a kama sisi, wakanunua shamba moja kwa pamoja. Siku ya kugawana ploti alirudi nyumbani akiimba, mtu ambaye sijawahi kumsikia akiimba. Akasema mama na mimi tutahamia huko, tujenge, tulime, tuonekane.

"Ardhi isiyo na moshi," alisema, "ni ardhi ya jirani."

Mimi nilikuwa nafundisha bila cheti, kama mjuavyo. Nilipofikiria lile jembe, ile baridi, na jirani yetu mgane, aliyefiwa na mke, ambaye baba alikuwa ameanza kumsifu mbele yangu, miguu iliniwasha.

Ndipo Haji Warsame akaja shuleni. Wengi wenu mnamfahamu, yule Msomali mwenye lori, ndevu zimepakwa hina mpaka zikawa nyekundu kama matofali. Watoto wake wakubwa, Hodan na Liban, walikuwa wanafunzi wangu. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Mwalimu, sisi tunahama," alisema. "Zambia haina mafuta, njia yao ya kusini imefungwa. Mtu wa lori sasa riziki yake iko huko. Nachukua jamaa yote. Lakini hawa watoto wakikaa barabarani mwaka mzima watakuwa kama mbuzi. Kuja na sisi, uwafundishe njiani mpaka tutulie."

"Njiani wapi, Mzee?"

"Ndani ya lori. Ngamia hula akitembea. Mtoto pia anaweza kusoma akitembea."

Nilikubali kabla hajamaliza. Baba alikasirika mpaka sauti ikamkauka. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Watu wananunua mashamba, wewe unanunua vumbi." Mama alinifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akarudi ndani bila kungoja lori liondoke.

Mbele waliketi Haji na mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Hodan, akiwa na mtoto mchanga mapajani. Nyuma kulipakiwa vitanda, sufuria na magodoro, na juu yake turubai. Hapo juu ya magodoro ndipo palipokuwa darasa langu. Nilifunga ubao mdogo kwa kamba kwenye chuma cha turubai, na kila lori lilipoingia shimoni chaki iliruka ikachora mstari wake yenyewe. Hodan, msichana wa miaka kumi na mitatu, aliuliza maswali mpaka nikajificha kitabuni. Liban, mdogo wake, alikuwa mtu wa kichefuchefu. Alikariri jedwali la saba akiwa ameinamia ndoo, na kabla ya Nakuru alikuwa ameitapikia jiografia yote ya Afrika Mashariki.

Nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi. Kila mti uliopita ulikuwa mti ambao sitauona tena kesho.

Namanga

Namanga tulikwama. Wakati ule vita vya mashifta kule kaskazini vilikuwa havijapoa, na Msomali yeyote aliyekaribia mpaka aliulizwa maswali ambayo mimi sijawahi kuulizwa. Askari mmoja alinivuta kando, akanisemesha Kikuyu.

"Dada, hawa watu wamekutoa wapi?"

"Hawajanitoa popote. Mimi ni mwalimu wa watoto wao."

"Baba yako anajua?"

"Anajua."

"Na amekubali?"

Hapo nilikawia kujibu, na kule kukawia kukatugharimu mchana mzima. Alitazama lori, akanitazama mimi, akaamuru kila kitu kishushwe. Godoro kwa godoro, sufuria kwa sufuria, mpaka nyumba yote ya Haji ikawa imetandazwa juani. Nilitaka ardhi inimeze. Nilikwenda huku na huku nikieleza, na kila maelezo yalizidisha shaka.

Mama Hodan yeye hakubishana. Alikunjua kitanda kimoja palepale uwanjani, akaketi, akawasha jiko, akapika canjeero, ile mikate yao laini yenye vishimo, na chai nzito ya iliki. Akawapa watoto, akanipa mimi, akamtuma Hodan ampelekee na yule askari. Askari akasita, akala. Jua lilipoanza kupungua akatuambia tupakie vitu vyetu.

Tukiwa tunafunga kamba, Haji aliniambia bila kunitazama, "Mimi nimezaliwa Eldoret, mwalimu. Pale karibu na stesheni. Maisha yangu yote naulizwa natoka wapi."

Kondoa

Mvua ilikuwa imetutangulia Tanzania. Kabla ya Kondoa tulikuta malori yamepanga mstari kando ya mto uliokuwa umefurika, wenyewe wamelala chini ya magari yao kama watu waliohamia. Kulikuwa na kibanda cha chai. Nilikuwa na njaa, nikaingia kwa mwendo wa kwetu na kuita, "Leta chai na chapati mbili!"

Mama mwenye kibanda aliweka mkono kiunoni. Madereva wakageuka kutazama.

"Dada, umeniajiri lini?"

"Nataka chai tu, mama."

"Unataka. Na mimi nataka nyumba ya mabati. Huku tunasema *naomba*."

Watu walicheka mpaka mmoja akamwaga uji. Nikaomba. Nikaletewa si chai tu, bali na wali na sahani ya mlenda uliokuwa ukivutika kama kamba. Mama Hodan aliutazama ule mlenda, akafunika uso kwa mtandio. Liban, ambaye tangu Nakuru hakuna kilichokaa tumboni mwake, akala sahani tatu. Na tangu siku hiyo darasani ikawa, "Mwalimu, naomba chaki. Mwalimu, naomba usinipe hesabu."

Mto haukushuka siku ile wala iliyofuata. Watoto wa watu wengine waliokwama walianza kuja kusikiliza masomo, mwisho nikawa na shule nzima ukingoni. Lakini mimi mwenyewe sikuweza kuketi. Mtu alikuwa amechomeka kijiti majini kupima, na kila nikiwapa watoto zoezi nilikwenda kukitazama.

"Mwalimu," Hodan aliniambia, "mto haushuki kwa kutazamwa."

Iringa

Tulipofika Iringa, Haji alipanga vyumba viwili karibu na soko. Mpango wake ulikuwa jamaa wakae hapo kwanza huku yeye akichukua mapipa ya mafuta Dar es Salaam, ayapeleke Zambia, na huko atafute nyumba. Hapo ndipo alipotukuta Yusuf, mdogo wake Mama Hodan, aliyekuwa akiendesha malori Dar. Alikuja kusaidiana na shemeji yake. Alikuwa kijana wa uso laini, mcheshi, asiyeweza kumpita mtoto bila kumnyanyua juu. Mama Hodan, ambaye kwa kawaida hakuwa mtu wa kucheka, alikuwa akimcheka hata kabla hajasema neno.

Safari ya kwanza walikwenda wakarudi salama, na hadithi za matope kufika magotini. Wakaenda ya pili.

Iringa ni mji mzuri, baridi yake kama ya kwetu, lakini kungoja kulinitesa. Asubuhi nafundisha, mchana nafundisha, jioni nashuka mpaka barabara kuu kuhesabu malori yanayotoka upande wa Mbeya. Jirani yetu, mama mmoja Mhehe, alinionea huruma akaniletea kibuyu cha maji ya mianzi. "Ni ulanzi, lakini huu ni wa asubuhi hii," alisema, "hauna neno, ni sukari tupu." Nikaonja. Kweli, ulikuwa mtamu kama maji ya muwa. Nikawapa watoto kidogo, kilichobaki nikakiacha dirishani juani. Sikujua kwamba ulanzi hauchelewi kuwa pombe. Alasiri tulimkuta Liban uani amemkumbatia mbuzi wa jirani, anamfundisha jedwali la saba kuanzia mwisho kwenda mwanzo, na kibuyu kitupu kando yake.

Mama Hodan hakupiga kelele. Alisema, "Nilikupa watoto uwafundishe kusoma," akambeba mwanawe ndani. Baada ya hapo hakunisemesha. Chakula changu aliniletea Hodan.

Mambo yalikuwa hivyo habari ilipokuja. Dereva mmoja aliyetoka Mbeya aliisema pale barabarani nilipokuwa nimesimama kama kawaida yangu. Lori la Wasomali limepinduka kabla ya Chimala. Mmoja amekufa.

"Nani aliyekufa?" nikauliza.

"Msomali."

"Yupi?"

"Sasa, dada, mimi nitajuaje yupi?"

Wazee wa Kisomali wa pale mjini walikuja wakaketi na Mama Hodan. Walishauri wangoje habari ya hakika. Mtoto mchanga alikuwa na homa kali, kwa hiyo mama yake asingeweza kusafiri. Wazee walipoondoka alikuja akasimama mbele yangu.

"Wewe huwezi kukaa," alisema. "Nimekuona tangu Kondoa. Basi nenda. Nenda na Hodan, umtafute baba yake."

Barabara ya Mbeya

Tulipata nafasi kwenye lori la mapipa. Dereva alikuwa mtu mkimya, akatupa mahindi ya kuchoma na kututandikia gunia ili harufu ya mafuta isiingie nguoni. Barabara ilikuwa imegeuka mto wa udongo mwekundu. Mara mbili tulishuka kusukuma, na mara zote mbili Hodan alisukuma kwa nguvu kuliko mtu mzima.

Tulipopita Makambako Hodan akasema, "Mwalimu, nipe hesabu."

"Hesabu gani?"

"Yoyote. Ngumu."

Nikampa. Akazifanya kichwani, midomo ikitikisika, macho yakiwa barabarani. Akimaliza moja anadai nyingine. Nilipoishiwa nikabuni matangi yanayovuja na wakulima wenye ekari zisizogawanyika. Dereva alitutazama kama wendawazimu, mwisho naye akaanza kumsaidia.

Lori la Haji tulilikuta kabla ya Chimala, liko mtaroni magurudumu juu, turubai limechanika. Mapipa yalikuwa yamekwisha kuondolewa. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba ya nyasi, akatoka mama mmoja aliyekuwa akifua, mikono bado ina povu. Aliitwa Mama Sekela.

"Poleni," alisema, kabla hatujaeleza sisi ni nani. Nadhani aliliona lile lori usoni mwa Hodan.

Akatusimulia. Lori liliteleza mvua ikinyesha. Watu wawili walitolewa. Mmoja alikuwa hana fahamu, gari lililokuwa likipita likampeleka hospitali Mbeya. Mwingine alifia pale pale. Makaratasi yote yalilowa mafuta, hayakusomeka, na hakukuwa na wa kumuuliza jina. Mwenye duka mmoja Mwislamu alimwosha na kumsalia, wanakijiji wakamzika kando ya shamba la Mama Sekela.

Nikauliza, "Huyo aliyekufa alikuwa na ndevu?"

"Ndevu? Hapana. Uso laini kabisa, kama bwana harusi."

Nilimkamata Hodan mabega. "Si baba! Hodan, umesikia? Si baba yako!" Nilikuwa nacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti pale kando ya barabara.

Hodan hakucheka. Aliketi chini palepale kwenye tope, na gauni lake.

"Basi ni mjomba," alisema.

Mimi sikuwa nimemfikiria Yusuf hata mara moja.

Haji tulimkuta Mbeya, amelala miguu yote miwili imefungwa plasta, kichwa kimezungushiwa bendeji, na zile ndevu nyekundu zimetokeza chini yake. Alimshika Hodan mkono kwa muda mrefu. Kisha akasema alikuwa amesinzia, Yusuf akiendesha. Alipofumbua macho alikuwa kitandani.

"Mwalimu, usimwambie mke wangu habari ya Yusuf. Nitamwambia mimi nikisimama."

"Utasimama lini, baba?" Hodan akauliza.

Haji alitazama miguu yake. Mimi sikuahidi kitu.

Kurudi Iringa

Njia nzima nilipanga maneno. Nilipanga ya Kiswahili, nikapanga na ya salamu za Kisomali nilizojifunza. Tulipofika, Mama Hodan alikuwa mlangoni amembeba mtoto, ambaye homa ilikuwa imemtoka.

"Yuko hai," nikasema upesi. "Miguu imevunjika, lakini yuko hai, anasema, anakula."

Alimshukuru Mungu kwa sauti, uso umeinuka. Akanishika mkono, mara ya kwanza tangu ule ulanzi. Akamtuma Liban sukari. Akatuingiza ndani, akainama kwenye jiko na kuanza kupepea mkaa. Akiwa anapepea akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, "Na Yusuf? Amebaki kulinda lori?"

Yale maneno yote niliyoyapanga yakanipotea. Nikamtazama Hodan. Hodan akasema sentensi moja fupi ya Kisomali.

Mama Hodan aliendelea kupepea. Alipepea mpaka mkaa wote ukawa mwekundu, akaweka sufuria, akatia maji, akatia majani. Ndipo kipepeo kikamtoka mkononi.

"Mimi ndiye niliyembeba mgongoni," alisema kwa Kiswahili, akiniambia mimi. "Mama yetu alikufa akimzaa. Mimi ndiye."

Chai ilichemka ikamwagika, hakuna aliyeinuka kuiondoa.

Chimala tena

Mtoto alipopata nguvu, wazee wa Iringa walitutafutia lori, tukaenda sote Mbeya kumuuguza Haji. Nilimwonyesha dereva mahali pa kusimama. Mama Hodan alishuka na mtandio wake mweusi, akavuka barabara bila kuangalia upande wowote.

Mama Sekela alikuwa amelizungushia kaburi matawi ya miiba ili mbuzi wasipande. Ardhi ilikuwa imefagiliwa. Mama Hodan alisimama hapo, mikono imefunguka, akiomba kimyakimya, na sisi tukasimama nyuma yake. Liban alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu.

Alipomaliza, Mama Sekela alisema kwa upole, "Tunapafagia kila siku, mama. Hapa tunapaita kwa dereva."

Mama Hodan akatikisa kichwa. "Ana jina. Yusuf Aden Guleid."

"Yusufu," akasema Mama Sekela.

"Yusuf Aden Guleid."

"Yusufu Adeni... Gule."

"Guleid. Sema tena."

Hakuwa na hasira. Alikuwa na subira ambayo mimi sijawahi kuwa nayo darasani. Alisema jina pole pole, akangoja, akasikiliza, akasahihisha, akarudia. Mama Sekela aliifuata midomo yake kwa macho. Majirani wawili waliokuja kusalimia nao wakaingia, sasa wakawa watatu wanaolisema kwa pamoja kando ya lile shamba la mahindi. Dereva wetu alikuwa akipiga honi. Mama Hodan hakugeuka mpaka jina lilipotoka sawasawa.

Njia ya nyumbani

Mbeya nilikaa muda mrefu kuliko nilivyodhani ninaweza kukaa mahali. Asubuhi nilifundisha uani, mchana tulipeleka chakula hospitalini. Haji alianza kutembea kwa magongo, jamaa zake wa Tunduma wakamwahidi kazi ya kusimamia malori ng'ambo ya mpaka. Hodan na Liban wakaingia shule ya pale kungojea. Siku ya kwanza waliyokwenda shuleni niliketi uani peke yangu, mikono haina kazi, nikajua nimemaliza.

Nilipoaga, Mama Hodan hakunielewa. "Unakwenda wapi? Haji alikuambia mpaka tutulie."

"Ndiyo, mama. Mpaka mtulie ninyi."

"Sisi na wewe," alisema. Alikuwa amekwisha kunitengea pazia la chumba changu cha Zambia. Muda wote ule, mimi niliisikia *tutulie* yao, na yeye aliisikia yetu sote. Aliumia, nami niliona. Asubuhi ya kuondoka alinipa canjeero zimefungwa kwa kitambaa. "Mtu wa kutembea hafungwi kamba," alisema. "Nenda na amani." Hodan alinipa mkono kama mtu mzima, akakimbilia ndani.

Ya hapa nyumbani mnayajua. Baba alinisemesha kupitia kwa mama wiki nzima, kisha siku moja akashindwa, akaniuliza mahindi ya Iringa yako vipi. Kibanda kimejengwa kule kwenye ploti. Nimelala huko, nimelima, mgongo bado unauma. Nimemwambia naomba nafasi ya chuo cha ualimu, na kwamba mgane wake ajitafutie mke kwingine. Hajasema ndiyo, hajasema hapana.

Lakini kuna jambo moja sijamsimulia mtu. Nikirudi kutoka Mbeya nilimwomba dereva asimame tena Chimala. Nilikuwa peke yangu, nimejifunika leso kwa sababu ya mvua, uso hauonekani. Mtoto wa kike ambaye sijawahi kumwona alikuwa akichunga mbuzi karibu na ile miiba. Aliniona nasimama, akadhani mimi ni mgeni niliyepotea njia.

"Shikamoo," alisema. "Unamtafuta Yusuf Aden Guleid? Ni huyu hapa."